Kila Jumamosi wageni sebuleni, mimi jikoni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Mimi na mume wangu sote tunafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku ya kufua, kusafisha nyumba na kununua mahitaji ya wiki. Siku hiyo hiyo ndiyo mume wangu anayopenda kukaribisha watu kwa chakula cha jioni. Mara dada yake na mumewe na watoto wao, mara marafiki zake wa tangu shule. Mezani tunafika watu tisa, watoto wakiwemo. Habari za ugeni huwa nazipata Ijumaa usiku tunapoingia kulala, na mara nyingine Jumamosi yenyewe asubuhi.

Siku inakwenda hivi. Naloweka nguo alfajiri, natoka kwenda kununua vitu. Nikirudi inakaribia saa sita, nguo bado zimo kwenye beseni na kuku niliyemtoa kwenye friza ni jiwe. Nafua, nadeki sebule, watoto wanapita na viatu, nadeki tena. Naingia jikoni saa tisa. Jiko langu ni la plati mbili, na orodha ni mchuzi wa nyama, kuku wa kukaanga, maharage, wali na mboga za majani. Wageni wakibisha hodi saa kumi na mbili na nusu bado natoka jasho. Nyama ngumu, wali umeshika chini na juu una kiini. Tunakula saa mbili na nusu, watoto wadogo wameshalala kwenye makochi. Jioni yote nasikia vicheko na sijui wamechekea nini. Wakiondoka, sinki imejaa vyombo hadi juu.

Hakuna anayenisaidia. Mume wangu husema, "Pika kitu rahisi tu, hawa ni watu wetu," ila hajawahi kusema hicho kitu rahisi ni kipi. Wifi yangu aliwahi kuingia jikoni. Akaanza kunipangia makabati upya, kisha akaongeza chumvi kwenye mchuzi bila kuuliza. Nilimwomba kwa adabu akapumzike sebuleni, na tangu hapo haingii.

Wiki iliyopita nilimwambia mume wangu sitaki tena wageni mpaka watoto wakue. Alinyamaza, halafu akasema nataka kumtenga na ndugu zake. Neno hilo limenichoma, maana watu hao nawapenda, wifi na chumvi yake pia. Sasa sijui: nishikilie nililosema, tuwe tunanunua chakula kilichopikwa, au nivumilie kama nilivyozoea? Na je, kweli inawezekana kufua, kusafisha na kupika kwa siku moja bila kuzimia?

Mchovu wa Jumamosi

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikirudia naona mambo matatu yaliyofungwa kwenye fundo moja. Unapata habari za wageni ukiwa umechelewa. Unapika vyakula vitano kwenye plati mbili. Na unakosa kukaa na watu unaowapenda, tena ndani ya nyumba yako. Kufuta wageni kunatibu yote matatu kwa mkupuo, ndiyo maana umelikimbilia. Lakini kunakunyima pia kile ulichosema mwenyewe unakipenda. Ndiyo sababu neno lako halikukutua moyoni hata wewe uliyelitamka.

Niruhusu nikuulize vitu viwili kabla hatujaingia jikoni. Umeandika "hakuna anayenisaidia", na mistari miwili mbele wifi yako anatolewa jikoni. Sikulaumu, upo msaada unaokupunguzia kazi na upo msaada unaokuongezea mtu wa kumsimamia, na wewe ulipata wa aina ya pili. Ila inawezekana yeye alirudi sebuleni akiamini kwamba jiko lako haliingiliki, na kaka yake akaamini hivyo hivyo. Swali la pili: hivyo vyakula vitano vimeagizwa na nani? Nimetafuta kwenye barua yako sikumwona. Mume wako anasema kitu rahisi. Wageni hawajasema kitu. Yawezekana wanategemea meza iliyojaa, yawezekana pia hata hawaihesabu. Wewe ndiye unayewajua.

Sasa tupige hesabu ya moto. Nyama ya mchuzi inataka saa mbili na nusu. Maharage yaliyolowekwa, saa moja na nusu. Kuku wa kukaanga kwa watu tisa haenei kikaangioni mara moja. Ni mikupuo mitatu ya dakika 20, jumla saa moja. Wali dakika 40 pamoja na kupumzika, mboga dakika 15. Jumla ni karibu saa sita za moto. Plati mbili kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili zinakupa saa sita hizo hizo, kama usingemenya kitunguu, usingeosha sufuria wala kuchemsha maji ya chai. Kwa hiyo ukichelewa, usijihesabie uzembe. Orodha yako haitoshei kwenye jiko hilo, hata apewe mpishi wa hoteli.

Na nyama ngumu inatokana na hapo hapo. Nyama ya kuchemsha ina nyuzi na kano ambazo hulainika taratibu kwa moto mdogo. Ukiona muda umekwisha ukaongeza moto, kano hazilainiki haraka kwa sababu hiyo. Nyama inajikamua maji yake na kukakamaa. Kwa hiyo mchuzi ndio wa kwanza kuondoka Jumamosi. Upike Ijumaa jioni: kwa watu tisa wenye watoto kati yao, kilo moja na robo ya nyama isiyo na mfupa inatosha, au kilo mbili ikiwa na mifupa. Kaanga vipande kidogo kidogo, kwani ukivirundika vyote pamoja vinatoa maji na kuchemka badala ya kuwa na rangi. Kisha moto mdogo, mapovu machache yakipanda, mfuniko umeegeshwa. Mchuzi uliolala una ladha iliyokolea, na mafuta yaliyoganda juu unayaondoa kwa kijiko.

Usiuweke kwenye friji na sufuria lake zima. Katikati ya sufuria kubwa hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu hilo ndilo linaloharibu chakula. Ugawe kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5 hivi, mvuke ukipungua ufunike, na usipitishe muda wa saa mbili nje ya friji. Jumamosi uuchemshe hadi utokote wote, mpaka katikati. Pasha moto kile tu kitakacholiwa.

Maharage nayo yanapikika katikati ya wiki na kukaa kwenye friza bila shida. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, na kama ni mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla hujapunguza moto. Yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli. Kuyabandika kwenye moto wa chini tangu mwanzo hakutoshi.

Kuku, ukiniuliza mimi, siku yenye mchuzi wa nyama simwoni kazi yake. Lakini kama hutaki kumwacha, ahamie kwenye friji Ijumaa asubuhi, maana mzima wa kilo moja na nusu anataka kama siku nzima kuyeyuka. Ukimwacha mezani, nje anapata joto na kuanza kuharibika huku ndani bado barafu, na ukimkaanga hivyo anaiva rangi tu huku mfupani akiwa mbichi. Siku ya dharura, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mzamishe kwenye maji baridi na uyabadilishe kila dakika 30. Kila kilo ni karibu saa moja, na apikwe papo hapo.

Wali ndio wa mwisho kabisa. Kuungua chini huku juu kuna kiini husababishwa na sufuria nyembamba na ndefu, mchele mwingi na moto mkali: maji ya chini yanaisha kabla mvuke haujaivisha juu. Tumia sufuria pana yenye kitako kizito. Gramu 700 hadi 800 za mchele zinawatosha watu tisa mchanganyiko. Na unapozidisha mchele usizidishe maji kwa kipimo kile kile, kwa sababu mvuke unaopotea hauongezeki sana. Kama kikombe kimoja umezoea kukipa viwili, vikombe vinne vipe saba hivi, kisha urekebishe kulingana na mchele wako. Maji yakilingana na mchele punguza moto hadi mwisho, funika vizuri dakika 15, zima, uache dakika 10 bila kuchungulia. Ukiubandika saa kumi na mbili na robo, saa moja uko tayari. Usiupike mchana ukauacha juu ya meza. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na huzaana chakula kikiwa vuguvugu. Uingie kwenye hotpoti ukiwa moto kweli, au uliwe mara moja.

Ukiondoa nyama, maharage na kuku, Jumamosi jioni unabaki na wali, mboga na kupasha moto. Ni saa moja na nusu ya jiko, au pungufu.

Usafi na nguo sitakaa navyo sana. Nguo za shule na za kazi zihamie jioni mbili za katikati ya wiki. Jumamosi zibaki shuka na taulo, ziwe kwenye kamba kabla hujatoka nyumbani. Nguo zilizolowekwa alfajiri hadi mchana zinanuka, na unajikuta unazifua mara mbili. Wageni wataona choo, sebule na meza. Vyumba vingine vina milango, ifunge. Anza na choo: mwaga dawa, iache dakika 10 ifanye kazi, wewe ukifuta vumbi sebuleni kuanzia juu kushuka chini. Deki iwe ya mwisho, watoto wakishakula cha mchana. Na kwa kuwa unafanya haraka: klorini usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Hewa inayotoka hapo ni sumu, na wanaoivuta mara nyingi ni watu wenye haraka kama wewe.

Turudi kwenye fundo letu. Umeona kwamba mchuzi wa Ijumaa hauwezi kupikwa kwa habari ya Ijumaa usiku? Jiko lako linahitaji habari ya Alhamisi. Hapo ndipo kazi ya sufuria inapogeuka kuwa mazungumzo ya mke na mume, na hapo ndipo ninapoona uzito wa barua yako, kuliko kwenye wali.

Njia uliyokwisha kuitaja, ya kusimamisha wageni, si ya kudharau. Mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika, na mwezi mmoja wa ukimya unaweza kukurudishia hamu ya watu. Hatari yake ni kwamba "mpaka watoto wakue" haina tarehe, na mume wako ameshaisikia kama kutengwa. Ukiichagua, ipe mwisho unaojulikana na sababu aliyoisikia kutoka kwako mwenyewe. Na ujue kwamba nguo na deki zitabaki pale pale, zikikusubiri bila mgeni hata mmoja.

Kununua chakula kunafaa pia, ila si lazima kiwe chote. Nunua kile kinachokula plati zako, kama kuku, upike kinachobaki. Kifike karibu na muda wa kula, kikiwa bado cha moto. Hatari nyingine ni ya maneno: chakula cha kununua kikitokea mezani bila mume wako kujua, anaweza kukisoma kama ujumbe. Na pesa itajadiliwa baadaye, afadhali ijadiliwe mapema.

Kuvumilia nakuonea huruma hata kukutajia. Umeshajaribu, na matokeo yake ni ile sentensi iliyomuumiza mwenzako.

Ipo njia ambayo hukuiandika: kila mgeni aje na kitu. Inapunguza mzigo sana kama utamgawia kila mmoja chake. Ukisema tu "njoo na chochote", utapokea matunda ya aina tatu na hakuna wali. Wengine hawapendi kuwaagiza wageni, na kama mume wako ni hivyo, anza na dada yake, ambaye tayari alishaonyesha mikono inamwasha.

Tena huyo wifi nampenda kabla sijamwona. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "nisaidie chochote" atatafuta makabati. Mpe kazi moja yenye mwanzo na mwisho, mbali na jiko: saladi yote, kisu na ubao juu ya meza ya kulia, kabichi, tango na nyanya zikiwa zimeoshwa. Chumvi na ndimu vitiwe wakati wa kupakua, kwa sababu chumvi inavuta maji na baada ya robo saa saladi inaelea. Atakuwa karibu na wewe, mtapiga soga, na chumvi yake itakuwa na mahali pa kwenda. Kuhusu mchuzi, mwambie mapema kwamba umeshatiwa. (Ikitokea umezidi tena, viazi havichagui chumvi vikaiacha supu, vinanyonya maji pamoja na chumvi yake. Ongeza maji au nyanya isiyotiwa chumvi.) Kama atakupangia tena makabati, basi tutajua, lakini kwa sasa ana kosa la jioni moja tu.

Na mume wako? Wewe ndiye unayejua saa yake nzuri. Ninachokuomba ni isiwe Jumamosi usiku mbele ya sinki. Jumanne au Jumatano, watoto wakilala, chukua kalamu umwonyeshe ile hesabu ya saa sita za moto. Mtu ambaye hajawahi kuibeba orodha kichwani haioni, na "pika kitu rahisi" mara nyingi ni sauti ya mtu anayedhani chakula kinaanza saa tisa alasiri. Anza na kidonda chake: kwamba hukutaka kumtenga na ndugu zake, ulitaka na wewe ukae nao. Kisha mwombe habari ya Alhamisi, na kazi moja iwe yake mwanzo hadi mwisho. Manunuzi, kwa mfano, kwa orodha yenye vipimo, yakifika nyumbani Alhamisi au Ijumaa jioni. Au vyombo: sinki iwe tupu wageni wanapofika, beseni la maji ya moto na sabuni liwepo, na sufuria lililoshika lilowekwe mara tu linapopakuliwa. Angalia neno "kusaidia" likitumika hapo. Akisema atakusaidia manunuzi, bado wewe ndiye utakayekumbuka kwamba kitunguu kimeisha. Kazi ikiwa yake, kukumbuka nako ni kwake.

Anaweza kukubali kwa furaha. Anaweza pia kusema ndugu hawapangiwi siku, wanapiga simu wakiwa njiani, na huenda ni kweli. Hapo weka kwenye friza mchuzi wa mlo mmoja na maharage ya mlo mmoja, vyenye lebo na tarehe. Mchuzi ulioganda unaweza kwenda moja kwa moja kwenye sufuria lenye maji kidogo, moto mdogo, mfuniko juu, hadi utokote. Mgeni wa ghafla atakula wali, mchuzi na saladi, na hicho kitakuwa ndicho "kitu rahisi" chenu, kilichokubaliwa na wawili. Ikiwa hata hilo atalikataa, tutakuwa tumehama jikoni, na ningependa kuisikia sauti yake pia kabla sijasema zaidi.

Umeniuliza kama inawezekana kumaliza yote kwa siku moja. Kwa orodha ile na kwa mtu mmoja, sioni namna. Kwa orodha fupi iliyoanza Alhamisi, unaweza kuwa umeoga na kukaa wageni wakibisha hodi. Lipi ulipunguze, lipi ulitoe kwa mwingine na lipi usikubali kuliachia, hilo ni lako. Ukiniandikia tena, niambie mume wako alisemaje kuhusu Alhamisi.